Gari linavuma mbele kila mwendo unapozidi: ni tairi au ni beringi?

SWALI: Assalaam alaykum. Mimi ni mwalimu wa skuli ya sekondari. Naishi Wete na kazi yangu iko Chake Chake, kwa hiyo kila siku ya kazi nakwenda na kurudi kwa gari langu dogo, Toyota Ist ya gia za otomatiki. Kwa muda sasa, nikifika mwendo wa kilomita 50 kwa saa huanza kusikika mvumo kutoka sehemu ya mbele, na nikifika 70 mvumo huo huwa mkubwa kiasi cha kutulazimisha kupaza sauti tunapozungumza garini. Nikipunguza mwendo nao hupungua, na gari likiwa limesimama hausikiki kabisa, hata nikikanyaga mafuta. Nimeona pia kwamba kwenye kona ndefu za kulia mvumo huzidi, na kwenye kona za kushoto hufifia. Fundi wangu aliinua gari kwa jeki, akayatikisa magurudumu yote mawili ya mbele, akasema hakuna mchezo wowote, yaani hazijalegea, na kwamba beringi ni nzima. Ushauri wake ni nibadilishe shokomzoba. Tairi za mbele zimelika kidogo upande wa ndani. Nianzie wapi kabla sijatoa fedha?
Mwalimu, Wete

JIBU: Waalaykumu ssalaam, Maalim. Kwanza, usinunue shokomzoba kwa sababu ya mvumo huu. Shokomzoba haizunguki, na kitu kisichozunguka hakiwezi kutoa mvumo unaopanda na kushuka pamoja na mwendo wa gurudumu. Shokomzoba iliyokufa hujulikana kwa gari kudunda mara kadhaa baada ya tuta, kwa kugonga kwenye mashimo, au kwa mafuta yanayovuja na kuteremka kwenye mwili wake. Hata hivyo, fundi wako hakusema jambo lisilo na mnasaba wowote, na nitalirejea hapo chini.

Maelezo yako yanaiondoa injini katika orodha ya watuhumiwa, kwa kuwa unaposimama na kukanyaga mafuta injini huzunguka kwa kasi lakini mvumo hausikiki. Hilo ulithibitishe kwa jaribio moja dogo. Ukiwa katika barabara tupu, iliyonyooka na tambarare, kwenye mwendo wa kilomita 60 kwa saa, ondoa mguu kwenye mafuta, tia gia katika nyutro kwa sekunde chache tu, usikilize, kisha urudishe gia. Mvumo ukibaki vilevile na kupungua polepole pamoja na mwendo, basi unatoka kwenye vitu vinavyozunguka na magurudumu: tairi, beringi za habu (habu ni kitovu cha chuma kinachofungwa gurudumu, na beringi ni duara lenye gololi linaloiwezesha kuzunguka), diski za breki au draivushafti, yaani mhimili unaopeleka nguvu ya injini kwenye gurudumu. Ukibadilika mara tu unapoachia mafuta na kurudi mara tu unapokanyaga, ndipo uanze kuifikiria giaboksi na beringi zake. Nakusihi usizime injini gari likiwa katika mwendo, kwa sababu breki zitakuwa ngumu baada ya kukanyagwa mara chache, usukani utakuwa mzito, na ufunguo ukivutwa usukani unaweza kujifunga.

Baada ya hapo wanabaki watuhumiwa wawili wakubwa, tairi na beringi, na sauti zao hufanana kiasi cha kuwababaisha hata mafundi wenye uzoefu. Tairi ya kipimo cha 185/65 R15, kwa mfano, ina mzingo wa karibu mita 1.95, kwa hiyo kwenye mwendo wa kilomita 70 kwa saa huzunguka takriban mara 10 kila sekunde. Kasoro inayojitokeza mara moja tu katika kila mzunguko, kama vile kukosa balansi au ringi kupinda, hutoa mapigo 10 kwa sekunde, na mapigo hayo dereva huyahisi mikononi na kitini kama mtetemo, wala hayasikiki masikioni kama mvumo. Ili mvumo utokee, lazima pawe na kitu kinachojirudia mara nyingi ndani ya mzunguko mmoja. Kwenye tairi, kitu hicho ni vipande vya kashata, yaani yale matuta ya mpira yanayogusa lami moja baada ya jingine. Kwenye beringi ni gololi zinazopita juu ya njia yake ya chuma iliyobanduka. Ukiuelewa mpango huo, utaona kwa nini mtu anayesikiliza kwa sikio peke yake ndani ya gari anaweza kukosea, na kwa nini njia ya uhakika ni kubadilisha jambo moja tu kwa wakati mmoja na kuangalia mvumo unafanya nini.

Anza na barabara yenyewe. Pita sehemu yenye lami laini, kisha sehemu yenye lami ya kokoto zinazojitokeza, kwa mwendo uleule, madirisha yakiwa yamefungwa. Mvumo wa tairi hubadilika sana aina ya lami inapobadilika, wakati mwingine hukaribia kutoweka. Mvumo wa beringi haujali lami. Kinachoweza kutokea ni kufunikwa na kelele za barabara mbaya, lakini kwenye lami laini husikika wazi zaidi.

Kisha simamisha gari, geuza usukani mpaka mwisho upande mmoja ili uso wa tairi ujitokeze, na upitishe kiganja juu ya kashata kutoka nje kwenda ndani, halafu kutoka ndani kwenda nje. Fanya hivyo taratibu, kwani nyaya za tairi iliyokwisha huweza kuchoma. Kama kiganja kinateleza vizuri upande mmoja na kukwaruzwa na ncha kali upande wa pili, tairi hiyo imekuwa ikiburuzwa kwa pembeni kwa sababu alaimenti, yaani mnyooko wa magurudumu, imeharibika, na kulika kwa upande wa ndani ulikokueleza kunaelekea huko. Halafu pitisha kiganja kwa kufuata mzunguko wa tairi. Ukihisi mabonde na vilima vinavyofuatana, umepata sababu inayotosha kabisa kuleta mvumo. Mabonde hayo aghalabu huletwa na shokomzoba dhaifu inayoiacha tairi ikirukaruka juu ya lami, na hapa ndipo neno la fundi wako linapopata nafasi. Lakini hata ukibadilisha shokomzoba leo, tairi iliyokwisha kupata umbo hilo itaendelea kuvuma, kwa hiyo mvumo hauwezi kuwa kipimo cha kujua kama shokomzoba mpya imesaidia.

Jaribio linalotenganisha vizuri kuliko yote halihitaji kununua chochote. Jaza upepo tairi zote nne kwa kipimo kilichoandikwa kwenye kibandiko cha mlango wa dereva, halafu uhamishe tairi za mbele ziende nyuma na za nyuma zije mbele, kila moja ibaki upande wake. Kaza nati za magurudumu kwa mpangilio wa msalaba; kwa magari mengi madogo ya Toyota kipimo chake ni Nm 103 (Nm, yaani nyutoni-mita, ni kipimo cha nguvu ya kukazia). Endesha barabara ileile, kwa mwendo uleule. Mvumo ukihamia nyuma au sauti yake ikibadilika, tatizo ni tairi. Ukibaki mbele, palepale, bila kubadilika hata kidogo, basi tairi haihusiki, na hapo una haki ya kuituhumu beringi kwa moyo mkunjufu.

Sasa nije kwenye kona zako, kwa kuwa hilo ndilo jambo lenye uzito mkubwa katika barua yako. Gari linapopinda kulia, uzito wake hulalia upande wa kushoto, na beringi ya kushoto hubeba mzigo zaidi. Beringi mbovu ikiongezewa mzigo, huzidisha mlio, ikipunguziwa, hutulia. Mvumo unaozidi kwenye kona za kulia na kufifia kwenye kona za kushoto huelekeza kidole kwenye beringi ya mbele kushoto. Nasema huelekeza kidole, wala sisemi huhukumu, kwa sababu gololi za beringi hizi zimepangwa safu mbili, na mbanduko ukiwa kwenye safu isiyobeba msukumo wa kona hiyo matokeo huweza kuwa kinyume. Aidha, bodi ya gari hupitisha sauti kutoka upande mmoja hadi mwingine, na dereva aliyekaa kulia anaweza kuapa kwamba sauti iko miguuni mwake ilhali inatoka upande wa abiria. Barabara za Pemba zina vilima na kona za kutosha kulifanya jaribio hili katika safari ya kawaida. Huna haja ya kuyumbisha gari kwa makusudi mbele ya vyombo vya watu wengine.

Kuhusu fundi wako kutikisa gurudumu na kukosa mchezo, hapa ndipo ninapotofautiana naye, na ningependa mafundi wetu walisome jambo hili kwa utulivu. Mchezo ni dalili ya beringi iliyokwisha kuchakaa sana. Mvumo huanza mapema zaidi, pale ngozi ya chuma kwenye njia ya gololi inapoanza kubanduka vipande vidogo mno, wakati gololi bado zimebana na gurudumu bado limekaa imara. Beringi ya namna hiyo unaweza kuitikisa kutwa nzima na usione kitu. Kwa hiyo mchezo ukiwepo ni ushahidi, lakini usipokuwepo si ushahidi wa uzima.

Njia inayofaa ni kuhisi kwa mkono. Gari liwe mahali tambarare na pagumu, breki ya mkono ivutwe, magurudumu ya nyuma yazuiwe kwa mawe au magogo, na baada ya kuinuliwa kwa jeki likalishwe juu ya stendi za chuma. Jeki peke yake isiaminiwe. Gia iwe nyutro na injini iwe imezimwa. Shika springi ya shokomzoba kwa vidole vya mkono mmoja, vidole vikiwa mbali na tairi, na kwa mkono wa pili zungusha gurudumu kwa nguvu ya wastani. Beringi nzima haikupi kitu vidoleni, au labda mkwaruzo hafifu wa padi za breki unaokuja na kwenda. Beringi mbovu hupeleka kwenye springi mtetemo wa chembechembe, kana kwamba ndani mna mchanga, nao huendelea mzunguko wote bila kukatika. Fanya hivyo upande wa kushoto, kisha wa kulia, kisha rudia, kwa kuwa tofauti baina ya pande mbili ndiyo itakayokupa jibu. Mtetemo huo mdogo, ambao sikio halikuupata, vidole huupata mara moja.

Ukikuta mchezo unaposhika gurudumu juu na chini, mwambie mtu akanyage breki na utikise tena. Ukipotea, ulikuwa kwenye beringi. Ukibaki, uangaliwe kwenye boljointi, kiungo cha mviringo kinachobeba chuma cha gurudumu. Mchezo wa kushoto na kulia peke yake mara nyingi ni wa tairodi, ile fimbo ya usukani inayogeuza gurudumu. Draivushafti nayo haina mvumo wa aina unaoueleza: jointi yake ya nje ikifa hutoa mlio wa katakata unapokata kona kali huku ukikanyaga mafuta, na ya ndani hutikisa gari wakati wa kuongeza mwendo. Jiwe dogo lililonasa baina ya diski na bati lake la kinga hutoa mlio mkali wa chuma, na hilo huonekana kwa macho ukiondoa gurudumu.

Nikiyapima yote uliyoandika, naona beringi ya mbele kushoto ndiyo inayotuhumika zaidi, na tairi zinafuata kwa karibu kwa sababu ya ule ulaji wa ndani. Inawezekana kabisa yote mawili yapo kwa pamoja, na ndiyo maana nakuomba ufanye lile jaribio la kuhamisha tairi kwanza. Ikithibitika ni beringi, badilisha ya upande ulioharibika. Si lazima kubadilisha zote mbili kwa pamoja kama ifanywavyo kwa padi za breki, ila ya pili ichunguzwe kwa mkono siku hiyohiyo. Baada ya kazi, alaimenti ipimwe, ama sivyo tairi mpya nazo zitalika kama hizi.

SWALI: Mimi nakaa Fuoni, Unguja. Gari langu lilibadilishwa beringi ya mbele kulia kwa sababu ya mvumo. Kelele zilikwisha, lakini baada ya muda mfupi zimerejea vilevile, na tangu siku ile ya matengenezo taa ya ABS (mfumo unaozuia magurudumu yasijifunge unapokanyaga breki ghafla) haizimiki. Fundi anasema beringi za siku hizi ni mbovu na ananishauri atie grisi. Je, nimuachie?
Msomaji wa kike, Fuoni

JIBU: Dada yangu, bidhaa duni zipo sokoni na siwezi kuzikana, lakini mvumo uliorejea haraka pamoja na taa ya ABS iliyowaka siku ileile vinanifanya niitazame zaidi kazi yenyewe kuliko beringi.

Katika magari mengi madogo beringi ya mbele husukumwa kwa nguvu ndani ya chuma kinachobeba habu, kisha habu nayo husukumwa ndani ya beringi. Kazi hii inataka presi, yaani mashine ya kusukumia kwa nguvu, pamoja na vipande vya chuma vya duara vyenye kipimo sahihi. Beringi inapoingizwa kwenye chuma, nguvu ya presi lazima ipite kwenye duara la nje la beringi. Habu inapoingizwa, duara la ndani lazima liegemezwe kwa chini. Ikifanywa kinyume, nguvu yote hupita kwenye gololi, nazo huacha alama ndogo kwenye njia zao, alama ambazo hazionekani siku ya kwanza wala hazipigi kelele, lakini ndizo zinazogeuka kuwa mbanduko baadaye. Nyundo hufanya uharibifu huohuo kwa haraka zaidi. Fundi asiye na presi si fundi mbaya kwa sababu hiyo, ila chuma hicho akifungue na kukipeleka kwenye karakana yenye presi, nawe ulipe gharama hiyo ndogo kwa ridhaa, kuliko kuruhusu beringi igongwe kwa nyundo sakafuni.

Sababu ya pili ni ukazaji wa nati kubwa ya draivushafti. Nati hiyo ndiyo inayozibana duara mbili za ndani za beringi zikae mahali pake, na kwenye magari mengi madogo ya Toyota nguvu yake ni karibu Nm 200, ambayo ni vigumu kuikisia kwa mkono. Ikazwe kwa spana ya kupimia nguvu, mtu akiwa amekanyaga breki, kabla ya gurudumu kushushwa chini na kubebeshwa uzito wa gari. Mwisho nati hufungwa isilegee, ama kwa pini au kwa kubonyezwa ukingo wake, kulingana na aina ya gari.

Kuhusu taa ya ABS, kuna magari ambayo upande mmoja wa beringi una ukanda wa sumaku unaosomwa na sensa. Beringi hiyo ina upande wa ndani na upande wa nje. Ikiingizwa kichwa chini miguu juu, gurudumu litazunguka vizuri lakini sensa haitasoma kitu, na taa itawaka. Kwenye magari mengine sensa husoma ringi ya meno iliyoko kwenye draivushafti, na hapo huenda ringi hiyo imegongwa au waya wa sensa umekatika wakati wa kufungua. Kifaa cha kusomea hitilafu kitaonyesha ni gurudumu lipi, na likitajwa la mbele kulia, utakuwa na hoja nzito ya kumrudia aliyefanya kazi. Mpaka litengenezwe, breki za kawaida zinafanya kazi maadamu taa nyekundu ya breki haijawaka, ila ukikanyaga ghafla kwenye lami yenye maji magurudumu yanaweza kujifunga na gari likateleza.

Grisi usikubali. Beringi hizi huja na grisi yake ndani na sili, yaani vizibo vya mpira, pande zote mbili. Kuitia grisi ni lazima kwanza sili itobolewe au ibanduliwe, na tangu hapo mchanga na maji vinapata njia. Mlio utapungua kwa siku chache kwa sababu grisi hufunika sauti, huku mbanduko ukiendelea. Vivyo hivyo usikubali beringi iliyotolewa kwenye gari jingine, kwani kule kuitoa tu, ambako aghalabu duara moja la ndani hubaki limeng'ang'ania habu, kunatosha kuiharibu. Habu yenyewe ikaguliwe pia: ikiwa sehemu inayokaa beringi imelika au ina michubuko, beringi mpya haitakaa vizuri hata ikiwa ya ubora gani.

Kwa hali ya visiwa vyetu nakuongezea jambo moja. Maji ya masika yanayosimama barabarani, na hasa maji ya bahari kwa wanaoteremsha magari ufukweni, ni adui mkubwa wa beringi. Habu iliyopata moto ikizama ghafla kwenye maji baridi, hewa iliyomo ndani hujikunja na kuvuta maji kupitia sili iliyochoka. Maji ya chumvi hubaki humo na kuoza chuma polepole. Waambie wanaokuoshea gari wasielekeze mdomo wa mashine ya maji kwenye sili za magurudumu.

SWALI: Nabeba abiria kati ya Makunduchi na mjini. Beringi ya mbele imeanza kuvuma na fundi amethibitisha. Naweza kuendelea mpaka mwisho wa mwezi nikusanye fedha?
Dereva, Makunduchi

JIBU: Ndugu yangu, hakuna idadi ya kilomita ambayo mtu mkweli anaweza kukuahidi. Kuna beringi huvuma kwa muda mrefu bila kubadilika, na kuna nyingine hufika mwisho kwa haraka, na kwa nje huwezi kuzitofautisha. Gari lako lingekuwa la kwendea dukani, ningekwambia lipunguze mwendo na lipelekwe gereji ndani ya siku chache. Kwa gari lililojaa abiria kwenye barabara ndefu jibu langu ni hapana. Beringi ikikatika, gurudumu linaweza kukwama au kuchomoka, na linalochomoka ni la mbele, lile linaloongoza gari.

Kama utalazimika kulifikisha kwa fundi, lipeleke tupu na polepole, na ulisimamishe papo hapo ukiona lolote katika haya: mvumo umegeuka kuwa msagiko, usukani umekuwa mlegevu au gari linatangatanga, kanyagio la breki linazama mara ya kwanza na kukaza mara ya pili, kwa sababu diski inayoyumba imezisukuma padi nyuma, au kuna harufu ya grisi iliyoungua na ukisogeza mkono karibu na ringi, bila kuigusa, unahisi joto kali kuliko la upande wa pili. Hapo usimwage maji juu ya habu, na usijaribu kujikongoja mpaka kituo kinachofuata. Washushe abiria, ikiwa wamo, upande wa majani ulio mbali na barabara, na uite gari la kuvuta litakaloinua magurudumu ya mbele yasiguse chini.